Braza alikuwa winga wa kuogopwa, kaenda nusu marathoni kafeli, sasa anadai alikuwa anatania tu

BintiIpagala:

Mbukwenyi wadau. Naombeni mawazo kuhusu kaka yangu, sitamtaja jina ila wenyeji wa Dodoma mkiunganisha mtamjua tu, alikuwa winga wa kulia, kacheza daraja la kwanza na kabla ya hapo ndondo zote za mji huu kuanzia Chang'ombe mpaka Nkuhungu timu zilikuwa zinamgombania. Mpira kaacha, ana miaka 33, ana duka la vifaa vya umeme na mwili bado uko fiti.

Mwaka huu akaamua kuingia kwenye mbio ndefu. Sio zile za kilomita 5 unapewa tisheti unapiga picha unarudi nyumbani, hapana, nusu marathoni kabisa, kilomita 21 na ushee, na kwa mdomo wake akawatangazia washkaji zake kijiweni kwamba anamaliza chini ya saa moja na nusu. Siku yenyewe katoka na wale vijana wa mbele kabisa. Kilomita ya 14 akaanza kutembea, ya 16 akakaa pembeni ya lami, kavua kiatu kimoja, namba bado iko kifuani na soksi ina damu kwenye kidole gumba. Bodaboda mmoja akawa anamrekodi huku anapiga kelele "winga, krosi hiyo, piga krosi!" Mpaka jioni ile video nimeikuta kwenye status za watu ambao nilikuwa sijui kama wanamfahamu.

Sasa video yenyewe tumeshaizoea. Kinachoniuma mimi ni kwamba toka siku ile kila anayemuuliza anamjibu "aah nilikuwa natania tu, sikufanya hata mazoezi". Uongo mtupu! Mi nakaa nae nyumba moja, miezi yote ile alikuwa anatoka saa 10 alfajiri, anarudi jasho linachuruzika, bia kaacha, hadi chapati kaacha. Kwa nini mtu aliyezoea kushinda akifeli kitu kipya anaona bora aonekane mzembe kuliko aonekane alijituma akashindwa? Na sisi tunaomcheka tunapata nini? Hao mastaa wakubwa wa dunia wakihamia kitu kingine wakafeli wanachukuliaje? Naomba majibu ya maana, matusi pelekeni nyuzi za Simba na Yanga.

MzeeWaKrosi:

Pole sana sista ila hapo kwenye "piga krosi" chai imenipalia. Huyo jamaa nadhani nampata, kuna mwaka alitutesa sisi wa Majengo mpaka beki wetu akaomba atolewe. Ngoja nikae nisome wenye akili waje.

Zabibu_Kavu:

Dada mfano wako ni Michael Jordan. 1993 katoka kuchukua ubingwa wa tatu mfululizo wa NBA na Chicago Bulls, mwaka huo huo baba yake akauawa, Oktoba akatangaza anaacha kikapu, alafu akaenda besiboli, mchezo ambao mzee wake alikuwa anaupenda. 1994 akapelekwa Birmingham Barons, timu ya ligi ya chini wanakopikwa vijana, yani mchezaji bora wa dunia anasafiri kwa basi usiku na madogo wanaotafuta kutoka kimaisha. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .202, kwa msioujua mchezo ule maana yake katika kila zamu kumi alikuwa anafanikiwa mbili tu, na mara 114 alitolewa kwa kushindwa kuupiga mpira. Jarida moja kubwa la michezo la kwao likamwambia kwenye jalada kabisa kwamba aachane nayo.

Na hakuwahi kusema natania. Kamaliza msimu mzima, mechi 127, mbele ya watu wanaomcheka, Machi 1995 ndo akarudi kikapu na akachukua tena ubingwa 1996, 1997 na 1998. Mwambie braza asome hiyo.

HesabuKwanza:

Mkuu Zabibu umeeleza vizuri ila kuna sehemu umeiruka. Mmiliki wa Bulls, Jerry Reinsdorf, ndo huyo huyo mmiliki wa Chicago White Sox, na Barons ilikuwa timu ya chini ya White Sox. Jordan alipoenda kukosa mipira kule aliendelea kulipwa mshahara wake wa kikapu. Sasa ukifeli huku akaunti inasoma, hiyo mi naita likizo ya majaribio.

Chukua na Usain Bolt, yule mkimbiaji wa Jamaica, 2018 kaenda Australia kufanya majaribio ya mpira na Central Coast Mariners, Oktoba akafunga mawili kwenye mechi ya kirafiki, Novemba wakaachana bila mkataba wa kueleweka, mapema 2019 akasema michezo basi. Watu walimcheka kidogo wakaendelea na maisha yao, maana mwisho wa siku ile rekodi yake ya mita 100, sekunde 9.58 ya Berlin 2009, hakuna mtu anayeifuta.

Huyu winga wetu ana nini? Ana duka. Na hilo duka nina uhakika nusu ya wateja wanaingia kwa sababu ya jina, "twende kwa winga". Jina likichafuka hata kwa utani inamgusa mfukoni. Kwa hiyo akisema alikuwa anatania mi namuelewa, analinda biashara. Huku kwetu kufeli hadharani kuna gharama, tusimlinganishe na watu ambao walikuwa wana pa kurudia.

Kijiwe_Sabasaba:

Mi naomba niwe mkweli, mtanichukia sawa. Kaka yako enzi zake alikuwa na mashauzi. Unampungia mkono anakuangalia kama hakuoni. Watu hawakucheka mbio zake bwana, wangapi walitembea siku ile na hakuna aliyewarekodi? Walicheka ile "chini ya saa moja na nusu". Hujawahi kukimbia hata kilomita kumi za mashindano unatangaza muda! Angeenda kimya kimya akatembea kuanzia kilomita ya kwanza hakuna ambaye angejisumbua kutoa simu.

BintiIpagala:

@Kijiwe_Sabasaba mashauzi sikatai yote, alikuwa na miaka 22 na mji mzima unamuimba, we ungekuwaje? Ila kutangaza muda hapo nakubaliana na wewe. Nilimwambia, akaniambia "mi nimezoea kuwaambia mabeki kabla kwamba leo unalala na viatu, na walikuwa wanalala kweli".

@HesabuKwanza umenigusa. Wiki ile kuna mteja kaja kununua soketi akaanza "winga vipi, umefika au bado uko njiani", kaka akacheka nae vizuri tu, mteja alipoondoka akafunga duka saa 9 mchana. Sijawahi kumuona anafunga saa 9.

Mwalimu_wa_Vumbi:

Habari zenu vijana. Mimi nafundisha riadha mashuleni huku Singida, hawa watoto wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, naomba niseme kidogo ingawa ntakuwa mrefu.

Kwanza huyo bwana hakufeli kwa uzembe wala kwa moyo, amefeli kwa hesabu. Chini ya saa moja na nusu maana yake kila kilomita uipite kwa kama dakika 4 na sekunde 15, na hapo mdogo wangu unazungumzia mtu aliyejiandaa. Wale vijana wa mbele wanapita kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde kadhaa. Sasa yeye katoka nao! Winga katika dakika 90 anaweza kukimbia kilomita 10 na zaidi lakini ni vipande vipande, anachomoka mita 30, anatembea, anasimama mikono kiunoni, anasubiri mpira, anachomoka tena, alafu kuna mapumziko. Mwili wake umefundishwa hivyo kwa miaka na ni mwili mzuri, ila kwenye mbio ndefu zile spidi zinammalizia akiba ya misuli mapema, ikifika kilomita ya 13 au 14 tanki linasoma sifuri. Na kibaya zaidi ni kwamba kilomita 5 za mwanzo alijisikia vizuri sana, hakuna mtu anayedanganywa na mwili wake mwenyewe kama mwanamichezo wa zamani. Mtu wa kawaida akipumua vibaya anapunguza. Huyu anasema hii naijua, itapita. Anaijua ya mpira.

Pili hilo la kufeli. Wote mnamjua Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa huku kwetu Ikungi. 2017 London akaleta shaba ya dunia, watu wakadhani sasa ni kila mwaka. Olimpiki ya Paris 2024 akawa wa 17, na nilisikia kwa masikio yangu watu wakisema ameisha. Septemba 2025 Tokyo akawa bingwa wa dunia kwa saa 2:09:48, muda mmoja na Mjerumani Amanal Petros, ikabidi picha ya mstarini iamue, tofauti sekunde 0.03. Mtanzania wa kwanza kuchukua dhahabu kwenye mashindano yale. Lakini angalieni, Simbu hakuhama mchezo. Alipokuwa wa 17 alikuwa na kumbukumbu ya shaba kwenye hiyo hiyo marathoni, usiku akilala anajua mimi hii kitu naiweza. Kaka yako kwenye mbio hana kumbukumbu hata moja ya kushinda, kumbukumbu yake ya kwanza ndo hiyo ya kukaa pembeni ya lami. Ndo maana kufeli kwenye jambo jipya kunamvunja bingwa kuliko kunavyomvunja mtu wa kawaida, yule wa kawaida ameshazoea kutokuweza vitu, bingwa amesahau inakuwaje.

Mimi nimepokea wachezaji wa mpira waliokuja kwenye riadha, wagumu kuwafundisha kuliko watoto wa darasa la sita. Ukimwambia leo tunakimbia polepole anaona umemtukana.

Pilau_la_Ofisini:

Shikamoo mwalimu, hapo kwenye "anaona umemtukana" nimemuona mtu live.

Mi naleta ya ofisini, niko Mji wa Serikali huku Mtumba. Kwenye maandalizi ya SHIMIWI, ile michezo ya wizara na idara za serikali, tuliletewa mwenzetu alikuwa golikipa mzuri sana huko nyuma, tukamuweka kuvuta kamba kwa sababu ya mwili. Mazoezi ya kwanza kaburuzwa na akina mama wa uhasibu, kaanguka kwa makalio, suruali imechanika. Akawa wa kwanza kucheka! Kabla hata sisi hatujaanza. Toka siku ile kila mtu anampenda, hakuna anayemsema. Dada mwambie kaka yako mbinu ni hiyo, ujicheke wewe kwanza.

Zabibu_Kavu:

Mama Pilau nakuheshimu ila hiyo sikubaliani nayo. Kucheka kwanza ni sawa kama kitu chenyewe hukukitaka, kamba ya ofisini nani anaililia. Braza wa dada huyu aliamka saa 10 alfajiri miezi mizima, na yeye ameshajicheka tayari, si ndo hiyo "nilikuwa natania"? Ndo anajicheka hivyo. Na inamfungia mlango, maana akirudi tena mwakani akijituma watu watasema si ulisema unatania, na akirudi bila kujituma atafeli tena. Kajiwekea kisingizio ambacho hawezi kukitoa bila kukiri kwamba iliuma.

Hapo ndo Jordan alipowazidi wengi, na HesabuKwanza sawa mshahara alikuwa nao, ila aibu mshahara hauilipii.

Mzalendo_Kongwa:

Mmezunguka Marekani na Jamaica wakati mfano mkubwa uko nyumbani. Filbert Bayi! Mtu wa mita 1500, rekodi ya dunia Christchurch 1974 dakika 3:32.2, mwaka uliofuata rekodi ya maili 3:51.0. Alafu Moscow 1980 akahamia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mchezo mpya kabisa kwake, akaondoka na fedha ya Olimpiki. Wengine wanaweza bwana.

Na tusimsahau mzee John Stephen Akhwari, Mexico 1968, kaanguka kaumia goti kafika wa mwisho gizani. Kaka yako angemaliza tu hata kwa kutambaa.

Mwalimu_wa_Vumbi:

@Mzalendo_Kongwa kijana wangu hapo nakurekebisha kidogo. Kwa Bayi haikuwa mpya kabisa. Munich 1972 alikimbia 1500 na pia hiyo hiyo ya viunzi na maji, na kote aliishia mchujo. Watu wanaikumbuka Christchurch wanaisahau Munich. Halafu 1976 Montreal akiwa kwenye ubora wake nchi ikasusia, hakukimbia. Kwa hiyo fedha ya 1980 imetoka kwenye mbio ambayo ilishamtupa nje miaka nane nyuma, na siku ile alitoka mbele kama kawaida yake, akaongoza sana, mzunguko wa mwisho ndo Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Hakuna aliyesema Bayi alikuwa anatania.

Na hata Eliud Kipchoge wa Kenya mnaemsifia hakuhamia marathoni kwa raha zake. 2003 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000, 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya London, mwaka uliofuata ndo akaanza marathoni Hamburg na akashinda. Mlango wa kwanza ulimfungia. Baadae 2017 kule Monza akajaribu kushuka chini ya saa mbili akakosa kwa sekunde 25 tu dunia nzima ikiangalia, akarudia Vienna 2019, 1:59:40. Ila naye alihamia jirani, kutoka mbio kwenda mbio, tusimfananishe sana na winga.

Na Akhwari naomba mumuache apumzike jamani, kila mtu akitembea kwenye mbio tunamletea Akhwari. Yule aliumia. Huyu alitoka kwa kasi isiyo yake.

Kijiwe_Sabasaba:

Hahahaha mwalimu umemaliza. Ila tuongeze na George Weah, mchezaji bora wa dunia 1995, kaenda siasa kwao Liberia, 2005 kashindwa urais na mama Sirleaf, 2017 kashinda, 2023 kashindwa tena akampigia mpinzani simu kumpongeza. Yule kafeli na kufaulu mpaka haina maana kumcheka. Na Thierry Henry ukocha wa Monaco, kaanza Oktoba 2018, Januari 2019 kafukuzwa. Mguu haufundishi.

HesabuKwanza:

Henry na wenzie wana tatizo hilo hilo alilosema mwalimu, wanamwambia mchezaji "fanya hivi tu", wao ilikuwa inakuja yenyewe.

Dada turudi kwenye swali lako la sisi tunaocheka tunapata nini. Mi nadhani mtu kama winga alikuwa anatufanya tujione wadogo bila yeye kutaka, tumekaa jukwaani Jamhuri tunakula karanga na yeye anafanya vitu ambavyo hatutakaa tuviweze. Siku akikaa chini na kiatu mkononi tunajiona tumelingana nae bila kutoa jasho. Na ile video ilikuwa inatumwa na watu ambao hawajakimbia hata kuwahi daladala.

MzeeWaKrosi:

@HesabuKwanza hapo mwisho umenitaja kabisa mkuu, niliiweka status. Nimeifuta sa hivi.

BintiIpagala:

Asanteni sana. Nimempa simu akasoma uzi wote kimya, hakusema neno mpaka kwenye comment ya mwalimu, hapo akasema "huyu mzee anajua". Alafu akabishana kuhusu mashauzi nusu saa nzima lol, @Kijiwe_Sabasaba anasema uje dukani umuoneshe siku gani hakukusalimia.

Shikamoo mwalimu. Ameniambia nikuulize, lakini nisiseme kwamba ni yeye ameuliza (nimesema). Je kwa miaka 33 kuna maana ya kuendelea au amechelewa, na akitaka kuanza upya aanzie wapi, yeye anawaza apige ile barabara ya Hombolo kwenda na kurudi kila Jumamosi.

Mwalimu_wa_Vumbi:

Marahaba mdogo wangu. Miaka 33 kwa mbio ndefu hajachelewa, Simbu mwenyewe Tokyo alikuwa na umri huo huo, ila huyo ana miaka mingi ya mbio mwilini na wewe kaka yako ana miaka mingi ya krosi, asichanganye.

Hombolo kwenda na kurudi asithubutu kwa sasa, ni mbali mno na jua la Dodoma likitoka halina huruma, na ule upepo wenu ukimkuta anarudi ndo atakaa chini tena. Achague njia ya karibu, atoke saa 12 kasoro asubuhi, na wiki sita za mwanzo akimbie kwa mwendo ambao anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Akishindwa kuongea anakimbia kwa kasi, apunguze. Mwende wote wewe na yeye, umuulize maswali njiani, ndo saa yake hiyo. Spidi mara moja tu kwa wiki. Viatu avipime jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, aache nafasi mbele ya kidole gumba, ile damu ya kwenye soksi mi nahisi ni kiatu cha kumbana na kucha ndefu.

Na muda asitangaze kijiweni, aniambie mimi.

BintiIpagala:

Yani na mimi nikimbie mwalimu?? Mi nilikuja kuuliza swali tu.

Pilau_la_Ofisini:

Umekwisha mdogo wangu. Ukianza kuvuta pumzi vibaya usituambie ulikuwa unatania.